Nguzo ya Tatu

Chora, kijana, usijali nimesimama hapa.
Anza na nguzo zile nne, nene kama mapipa,
rangi ya waridi iliyopauka hadi ikawa ya ufizi.
Gonga. Umesikia? Debe.
Hazibebi paa. Paa limelalia chuma kilichojificha nyuma,
kama mdhamini asiyetaka jina lake litajwe.

"Usasaleo," amesema mwalimu wenu,
na nyote mmeinama kuliandika.
Sisi wa zamu ya usiku tuliita Keki.

Tazama pembetatu juu ya lango,
imepasuliwa katikati kwa makusudi: eti mzaha
juu ya mahekalu ya Wayunani.
Marehemu Virdee, msanifu, alikuja siku ya ufunguzi
na suti ya kahawia, akautazama ule ufa, akacheka peke yake.
Mvua ya Aprili nayo iliuona.
Ilishuka moja kwa moja hadi kitandani kwa Adhola,
aliyelala na karai tumboni miaka kumi na mmoja
akisema, wazimamoto, tunazimwa sisi.

Mnara ni wa kuanikia mipira ya maji.
Saa iliyo upande wa Barabara ya Jogoo si saa,
akrabu zake ni rangi tu: saa nne na dakika kumi,
asubuhi au usiku, chagua.
Watu wa Makadara walilalamika, kisha wakaizoea.
Hadi leo mtu akichelewa kazini
husema alifuata saa ya zimamoto.

Wahenga walisema nyumba njema si mlango.
Hawakuwahi kuendesha gari la tani kumi na nane.
Haya matao matatu, hebu yatazame, mazuri kweli,
kila moja na jiwe la buluu kileleni.
Gari jipya lilipofika kutoka bandarini
lilizidi tao kwa kimo, shubiri moja.
Likalala nje siku mbili
kama mkwe aliyekosana na wenyeji.
Siku ya tatu Nthenge akapunguza upepo, magurudumu yote sita,
tukalisukuma ndani, tukapiga makofi.

Basi ikawa hivyo. King'ora kikilia
tunalitoa likichechemea, tunalijaza upepo uani,
pampu inakohoa, dakika nne.
Dakika nne si nyingi. Chai haijachemka.

Nilikuwa kwenye simu usiku ule.
Mwanamke alinielekeza kwa utulivu,
kama mtu anayemwelekeza mgeni njia ya kwake:
piteni kinu cha unga, piteni kanisa la mabati,
mtaona mbao zimepangwa.
Akarudia kanisa la mabati.
Nilimwambia, wanatoka sasa hivi, mama,
na dirishani namwona Nthenge amepiga magoti
kando ya gurudumu la nne.
Kisha sikioni ikabaki sauti ya mbao.

Kulipopambazuka alirudi, hakuvua buti.
Akachukua nyundo na ngazi.
Ndiyo maana tao la kati halina jiwe lake,
na kingo zake zimeng'oka kama mkate ulioumwa.
Mwalimu wenu amewaambia ni falsafa ya kutokamilika.
Ni nyundo.
Barua ya onyo ilikuja kutoka ofisi za jiji, aya tatu,
neno "urithi" limepigiwa mstari.

Njoo nyuma. Si hapo, hiyo ni ya pili.
Hii, nguzo ya tatu. Unaona kijilango,
kimekatwa kwa msumeno wa chuma, kina bawaba ya kabati?
Inama. Washa taa ya simu.
Yameandikwa kwa kaa, kwa hiyo usiguse.
La juu kabisa hatukulijua jina,
Nthenge ameandika: Mama wa Kanisa la Mabati.
Chini yake wengine, miaka na miaka, mwandiko ukibadilika;
alipostaafu yeye, aliendeleza Nasimiyu.

Hapana, hilo usichore.
Pima kipenyo: sentimita themanini na mbili.
Pima kimo. Andika waridi, andika saruji nyembamba,
na pale mnapoandika nguzo inabeba nini,
andika: haibebi kitu.
Mwalimu atakupa alama zote.